Komando wa Gitega na mchuuzi wa Muyinga wana hesabu moja

MFANYABIASHARA anayevuka Kobero anaijua bei ya karibu kila kitu. Anajua nauli ya lori kutoka Dar es Salaam, anajua ushuru wa forodha, anajua faranga ya Burundi inabadilishwaje na shilingi ya Tanzania asubuhi hiyo, na anajua hasara ya kulala mpakani siku moja zaidi. Gharama moja tu haiandikwi kwenye stakabadhi yoyote, nayo ni gharama ya usalama. Barabara ikiwa tulivu tunaiona kama haipo. Barabara ikichafuka, ndiyo inayomaliza mtaji wote.

Kwa sababu hiyo leo tunazungumza na wasomaji wetu wa sokoni kuhusu watu ambao kwa kawaida hawaandikwi katika kurasa za biashara, yaani wanajeshi wa vikosi maalumu, makomando, na kazi wanazotumwa ndani na nje ya nchi zao. Tunaanzia Burundi kwa sababu ni nchi ndogo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ambayo, hata hivyo, imetuma wanajeshi wengi nje kwa muda mrefu. Gitega, makao makuu ya kisiasa ya nchi tangu mwaka 2019, ni mji wenye historia ndefu ya kambi za jeshi. Muyinga, karibu na Tanzania, una kambi ya Mukoni. Kati ya miji hiyo miwili kuna barabara inayopita Karusi, na mbele yake kuna Kobero, kisha Kabanga upande wa Ngara. Lori la saruji na gari la jeshi hupita barabara hiyo hiyo.

Hoja yetu ni fupi. Askari aliyefunzwa kuliko wengine wote hulinda biashara pale tu mambo matatu yanapokamilika: kazi aliyotumwa ijulikane, malipo yake yamfikie, na awepo wa kumwajibisha anapokosea. Moja likikosekana, ujuzi ule ule uliogharimu fedha nyingi hugeuka kuwa hatari kwa mwananchi, na mchuuzi huwa wa kwanza kuumia.

Anavyoandaliwa

Kozi za makomando hufanana karibu kila mahali. Huanza na mchujo. Wanajeshi ambao tayari wana uzoefu hutembezwa umbali mrefu wakiwa na mzigo mgongoni na silaha mkononi, usiku na mchana, chakula kidogo na usingizi kidogo. Hufundishwa kusoma ramani na dira, kuvuka mto, kuteremka kwa kamba, kuvizia na kukwepa kuviziwa, kutumia redio, kumtibu mwenzao aliyejeruhiwa, na wengine kuruka kwa miamvuli. Wengi huanza na wachache humaliza.

Wanaotazama kutoka nje hudhani lengo ni misuli. Misuli ni sehemu ndogo. Mkufunzi anataka kuona mtu gani anabaki na akili timamu anapokuwa na njaa, amechoka na anaogopa. Kikosi cha kawaida hufanya kazi karibu na ofisa wake, amri hutolewa na amri hufuatwa. Komando hutumwa katika kundi dogo, mbali na kamanda, mahali ambapo redio inaweza kunyamaza. Huko lazima aamue mwenyewe nani ni adui na nani ni mkulima aliyebeba jembe, amfyatulie risasi nani na amwache nani apite.

Mfanyabiashara anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Kijana wa kubeba mizigo unamsimamia kwa macho. Yule unayempa ufunguo wa ghala na kumwacha peke yake wiki nzima, huyo unamchunguza kwanza, unamlipa vizuri, na unahesabu mali ukirudi. Komando ni mtu aliyepewa ufunguo. Kadiri anavyoaminiwa zaidi, ndivyo hesabu yake inavyopaswa kuwa wazi zaidi.

Burundi ilikuwa na kazi ngumu zaidi ya hiyo. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulitaka jeshi ambalo hakuna kabila lingezidi nusu yake. Jeshi jipya la ulinzi wa taifa liliundwa kisheria mwishoni mwa mwaka 2004, likichanganya askari wa jeshi la zamani na wapiganaji waliokuwa msituni wakipigana nao. Kundi la FNL lilikuwa la mwisho kuingia, mwaka 2009. Watu waliokuwa wakiwindana walivaa kombati moja na kulala hema moja. Ni mafanikio ambayo eneo letu halijayasifu vya kutosha, na sehemu yake kubwa ilipikwa katika mafunzo na katika misheni za nje.

Somalia na bili yake

Desemba 2007 wanajeshi wa kwanza wa Burundi walitua Mogadishu kujiunga na Waganda waliokuwa wametangulia Machi mwaka huo katika kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Kabla ya kuondoka, vikosi viliandaliwa nyumbani, hasa Mudubugu, magharibi mwa nchi, wakisaidiwa na wakufunzi wa Marekani. Idadi yao ilipanda hadi kupita 5,000. Walipigana mtaa kwa mtaa Mogadishu, mji ambao majeshi makubwa kuliko lao yalikuwa yameukimbia.

Bili ilikuja mapema. Februari 2009 shambulio la kujitoa mhanga katika kambi yao Mogadishu liliua wanajeshi 11. Juni 2015 al-Shabaab waliivamia kambi ya Leego na kuua makumi. Mei 2022, huko El Baraf, kambi nyingine ilivamiwa. Jeshi lilitangaza vifo 10, wakati washambuliaji walitaja idadi kubwa zaidi. Kati ya tangazo rasmi na uvumi wa mitaani kuna mama wa Gitega au Muyinga anayesubiri simu. Nchi inayomfundisha mtu kuokoa wenzake chini ya risasi haishindwi kuifundisha ofisi moja kumpigia mama huyo simu kwa wakati.

Kulikuwa na upande wa fedha, na hapa wasomaji wetu wanahusika moja kwa moja. Umoja wa Ulaya ulikuwa ukigharimia posho ya dola 1,028 kwa kila mwanajeshi kwa mwezi, na serikali ya Burundi ilibakiza kama dola 200 kabla ya kumlipa mhusika. Hata baada ya makato, mshahara wa nyumbani haukukaribia kiasi hicho. Posho za Somalia zilinunua viwanja, mabati na saruji, zilifungua maduka na kulipa ada za shule. Anayeuza mabati alijua kikosi kimerudi hata kabla redio haijatangaza.

Kisha ukaja mwaka 2015. Tarehe 13 Mei, Rais Pierre Nkurunziza akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa wakuu wa Jumuiya uliojadili nchi yake, baadhi ya maofisa walitangaza kumpindua. Jaribio lilishindwa ndani ya siku mbili, lakini jeshi lililosifiwa kwa umoja liligawanyika, na maelfu kwa maelfu ya watu walivuka kuingia Tanzania. Marekani ilisimamisha mafunzo. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulikataa kuendelea kupitisha fedha za askari mikononi mwa serikali. Malipo yalikwama kwa miezi mingi hadi mapema mwaka 2017, yalipokubaliwa kupitia benki ya biashara.

Askari aliyeko kwenye handaki Somalia hakuhusika na mgogoro ule, lakini ndiye aliyekosa posho. Mkewe alichukua mchele na mafuta kwa mkopo, na mwenye duka akabaki na daftari. Siasa za Brussels na Bujumbura ziliishia kwenye kaunta ya duka. Mwishoni mwa mwaka 2024 Burundi iliondoka Somalia baada ya miaka 17, kikosi kipya cha Umoja wa Afrika kilipoundwa bila yake. Maelfu ya kaya zilipoteza kipato hicho, na yeyote anayefanya biashara kati ya Kobero na Gitega anapaswa kukihesabu anapojiuliza kwa nini wateja wa saruji wamepungua.

Kongo na sare mbili

Misheni ya Kongo ina somo jingine. Kongo ilikubaliwa kuingia katika Jumuiya Machi 2022, na mwezi uliofuata viongozi waliamua kupeleka kikosi cha pamoja. Agosti mwaka huo wanajeshi wa Burundi walikwishaingia Kivu Kusini. Machi 2023 walipelekwa pia Masisi, Kivu Kaskazini, chini ya bendera ya Jumuiya, pamoja na Wakenya, Waganda na Wasudani Kusini. Kongo ilikataa kuongeza muda kupita Desemba 2023, na kikosi cha Jumuiya kikaondoka.

Burundi, hata hivyo, ilibaki kwa makubaliano yake na Kinshasa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba baadhi ya wanajeshi wake walikuwa wakipigana wakiwa wamevaa sare za jeshi la Kongo. Fikiria hali ya mama anayetoa maharage Masisi kuyapeleka Goma. Mwanajeshi wa Burundi aliye mbele yake ni yule wa Jumuiya aliyekuja kusimama katikati, au ni yule aliyekuja kupigana upande mmoja? Mpiganaji wa upande wa pili hawezi kutofautisha, na akishindwa, hulenga wote. Misheni isiyojulikana humweka hatarini askari mwenyewe na kila anayepita karibu naye.

Walioielewa hatari hiyo ni askari wenyewe. Mwaka 2024 kuna wanajeshi wa Burundi waliofikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa kukataa kwenda kupigana Kongo. Hatutetei uasi, jeshi lisilotii amri si jeshi. Lakini mtu aliyepitia mafunzo yale, aliyekubali kulala na njaa na kuruka gizani, anapokataa kwenda, bunge lina wajibu wa kuuliza aliambiwa anakwenda kufanya nini.

Matokeo hayakuishia Kongo. Tarehe 22 Desemba 2023 kundi la RED-Tabara, lenye maficho Kivu Kusini, lilishambulia Vugizo karibu na Gatumba na kuua watu wapatao 20. Burundi iliilaumu Rwanda, Rwanda ikakanusha, na Januari 2024 Burundi ikafunga mpaka. Mchuuzi wa kaskazini aliyekuwa akipita Gasenyi kwenda Nemba alijikuta anazunguka kupitia Kobero, Kabanga na Rusumo, yaani kuingia nchi ya tatu ili afike nchi ya jirani. Februari 2025 Bukavu ilichukuliwa na M23, na makumi ya maelfu ya Wakongo wakakimbilia Burundi, wengi wakivuka mto Rusizi kwa miguu na kwa mitumbwi. Uamuzi uliofanywa ndani ya vyumba vya mikutano ulibadilisha bei ya unga mitaani.

Ujuzi bila uwajibikaji

Kuna watakaosema haya ni mambo ya siri, na kwamba raia, tena muuza vitenge, hana la kuuliza kuhusu makomando. Tunakubali kwamba njia atakayopita kikosi usiku isitangazwe, wala jina la ofisa wa upelelezi lisiandikwe gazetini. Siri ya aina hiyo huokoa maisha. Lakini historia yetu ina kurasa mbili zinazoonyesha siri ya aina nyingine inavyoishia.

Ya kwanza ni ya Muyinga. Kati ya Julai na Agosti 2006 watu wapatao 30, waliotuhumiwa kuwa wafuasi wa FNL, walikamatwa na kushikiliwa katika kambi ya Mukoni. Baadaye miili ilionekana mto Ruvubu. Mwaka 2008 mahakama ya kijeshi iliwatia hatiani wanajeshi kadhaa, na ofisa aliyekuwa akiongoza eneo hilo la kijeshi alihukumiwa akiwa ametoroka. Burundi ina haki ya kusema kesi ilifanyika, jambo ambalo nchi nyingi hazijathubutu. Lakini hesabu iliyofanyika baada ya miaka miwili, mtuhumiwa mkuu akiwa hayupo, ni hesabu pungufu. Wazee wa Muyinga bado wanakumbuka, na mtu anayekumbuka hivyo hatoi taarifa kwa askari hata anapoona hatari ya kweli.

Ya pili ni ya Kongo. Mwaka 2010 Marekani ilikifundisha mjini Kisangani kikosi cha makomando cha 391, wanajeshi wapatao 750, kiwe mfano kwa jeshi zima. Walifundishwa mbinu, tiba ya uwanjani na heshima kwa raia. Novemba 2012, jeshi lilipokuwa likirudi nyuma baada ya Goma kuanguka, kikosi hicho kilitajwa miongoni mwa vile ambavyo askari wao walibaka na kupora Minova, mji wa soko kandokando ya Ziwa Kivu kwenye barabara ya Goma na Bukavu. Kesi ilimalizika mwaka 2014, na waliotiwa hatiani kwa ubakaji walikuwa wachache sana.

Mafunzo yale hayakuwa ya uongo. Kilichokosekana ni kila kitu kilichopaswa kuyazunguka: mishahara ya uhakika, chakula, makamanda wasiokimbia, na hofu ya sheria. Waliolipa ni wanawake, wengi wao wakiwa wanaishi kwa kuuza na kununua kama wasomaji wetu. Ndiyo maana hatukubaliani na wanaodai kwamba dawa ya ukosefu wa usalama ni kozi moja zaidi, mkufunzi mmoja zaidi kutoka ng'ambo.

Tunachodai

La kwanza tunalielekeza Gitega na miji mikuu mingine ya Jumuiya. Kila misheni ya nje iwasilishwe bungeni kabla au mara tu baada ya kuanza: inakwenda wapi, chini ya bendera gani, kwa muda gani, kwa fedha za nani. Nchi zetu zilisaini itifaki ya ushirikiano wa ulinzi mwaka 2012, na majeshi hukutana katika mazoezi ya Ushirikiano Imara, kama yale ya Jinja mwaka 2022. Majeshi yanayoweza kufanya mazoezi pamoja yanaweza pia kukubaliana kwamba askari wa Jumuiya avae alama ya Jumuiya, na kwamba nchi isiwe na vikosi viwili vyenye kazi mbili tofauti katika wilaya moja.

La pili ni fedha. Posho ya misheni ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya askari, makato yajulikane kwa maandishi, na ugomvi kati ya serikali na wafadhili usizuie chakula cha familia. Familia ya aliyefariki ijulishwe na ilipwe ndani ya muda uliowekwa na sheria. Na wale waliorudi kutoka Somalia wasiachwe wakae tu. Mtu aliyefundishwa kuishi kwa silaha, akikosa kazi na heshima, hatakosa wa kumwajiri, na waajiri wa aina hiyo wako wengi mashariki mwa Kongo.

La tatu ni mpaka wetu. Kituo cha pamoja cha Kabanga na Kobero kilijengwa ili mizigo ikaguliwe mara moja. Mchuuzi mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000 ana haki ya kutumia utaratibu rahisi wa biashara na cheti chake cha uasili wa bidhaa. Kazi ya kukagua cheti hicho ni ya ofisa wa forodha. Askari mwenye silaha anayesimamisha baiskeli ya maharage na kudai chochote anafanya kazi asiyotumwa, hata awe amehitimu kozi gani. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha ipo, na kamati za kitaifa za kuvifuatilia zipo. Tunadai kamati hizo zipokee pia malalamiko dhidi ya watu wenye sare, pande zote mbili za mpaka, na majibu yabandikwe ukutani Kobero na Kabanga kwa Kirundi na Kiswahili.

Wafanyabiashara nao wana sehemu yao. Anayempa askari kitu kidogo ili apitishe gunia la magendo hawezi kesho kulalamika kwamba askari amezoea. Vyama vya wafanyabiashara vya Ngara na Muyinga viandike tarehe, saa na mahali kila mwanachama anaposimamishwa kinyume cha sheria. Malalamiko ya mtu mmoja hupuuzwa. Daftari la miezi sita, lenye mihuri ya vyama vya nchi mbili, ni vigumu kulipuuza.

Reli kutoka Uvinza kwenda Musongati inatarajiwa kuunganisha Burundi na bandari ya Dar es Salaam. Itahitaji kulindwa, na watakaoilinda ni vijana hawa hawa wanaotembezwa milimani wakiwa na mzigo mgongoni. Tunawaheshimu kwa jasho hilo, na tunawaombea warudi salama kila wanakotumwa. Wanastahili serikali zinazowaambia ukweli kuhusu wanakokwenda na kuwalipa wakiwa bado hai. Mchuuzi wa Muyinga naye anastahili kupita mbele yao akiwa na mzigo wake kichwani bila moyo kumdunda.